Shangazi Amelala Barabarani

Shangazi alikwenda dukani kununua godoro, akalala huko huko.

Hakukusudia. Alikuwa ametoka kushona sare za shule nzima, mgongo umekaza kama ubao, na muuza magodoro alipomwambia, "Mama, jaribu tu, kujaribu si kununua," akavua viatu, akajinyoosha, akafumba macho ili asikilize vizuri kama springi zinalia. Alipoyafumbua, mlango wa duka ulikuwa nusu umefungwa, wateja wengine wamekwisha kwenda zao, na muuza magodoro amesimama juu ya kiti ameshika kamera, machozi yanamlengalenga.

"Nisamehe, mama," alisema. "Tangu nianze biashara hii sijaona mtu akilala namna hii. Wengine wanajilaza. Wewe umelala."

Aliomba ruhusa ya kuitumia ile picha, Shangazi akakubali, akaondoka na godoro juu ya mkokoteni, akasahau. Haukupita muda mrefu, kwenye ile kona kubwa ambapo barabara kuu inaingia mjini, likasimamishwa bango pana kama ukuta wa nyumba. Ndani yake, Shangazi. Amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, kitambaa cha kichwa kimeteleza kidogo, mdomo umeachama kidogo tu, kama mtu aliyetaka kusema jambo zuri akaona halina haraka. Chini yake, kwa herufi kubwa: LALA KAMA WAGENI WAMEONDOKA.

Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Shangazi hakucheka. Alikwenda kulitazama, akasimama ng'ambo ya barabara na mkoba wake mkononi, akalia.

Ili uelewe alililia nini, ungehitaji kuziona picha za familia yao. Katika picha zote, Shangazi ni mkono. Kwenye harusi ya kaka yake, ni mkono unaonyoosha gauni la bibi harusi. Kwenye sherehe za watoto, ni mkono unaosogeza keki. Siku mpwa wake alipohitimu chuo, mpwa ambaye alimlea mwenyewe tangu hajui kufunga vifungo, Shangazi alitokea kama nusu ya bega, kwa sababu mpiga picha alimwambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba." Na yeye akasogea. Maisha yake yote watu walimwambia sogea, naye akasogea, tena kwa furaha, akiuliza, "Hapa nimewapisha?"

Sasa alikuwa mkubwa kama nyumba, peke yake, na hakuna mtu wa kumwambia asogee.

Isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja, kati ya viumbe wote wa Mungu, alikuwa yule yule mpwa wake.

Kazini walimwita Futi, kwa kuwa hakuachana na futi kamba yake. Aliining'iniza kiunoni hata siku ambazo hakuwa na la kupima. Alikuwa ofisa mpya wa kitengo cha mabango na bustani katika idara ya barabara kuu, na aliipenda kazi ile kwa moyo ambao wenzake waliuona kama homa itakayopita. Aliamini kwamba barabara kuu ni sebule ya watu wote. Tajiri anapita hapo, maskini anapita hapo, mgonjwa anayekimbizwa hospitali anapita hapo, na kila mmoja ana haki ya kupita bila kupigiwa kelele na mabango, na ya kuona ua moja au mawili yaliyonyweshwa maji. "Hakuna mtu anayebandika matangazo sebuleni kwa watu," alikuwa akisema wakati wa chai.

"Hujafika sebuleni kwangu," alijibu karani.

Mkuu wa kitengo alikuwa mzee mnene mwenye sauti laini, ambaye wote walimwita Baba Maua. Asubuhi alisalimia miche kwanza, kisha binadamu. Mabango aliyachukia kama meno mabovu, lakini alikuwa mwoga wa ugomvi, kwa hiyo aliyachukia kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja aliingia ofisini ameshika konzi ya majani yaliyolala chali, akayaweka juu ya meza ya Futi taratibu, kama mtu anayeleta maiti ya ndege.

"Wamelala," alisema.

"Nani, mkuu?"

"Madereva! Kwenye majani yangu. Pale kona kubwa. Nimeyapanda mwenyewe, nikayachana kwa reki, leo nimekuta yamegeuzwa bweni. Binti, chukua futi yako."

Walipofika, kweli. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya kona kama ng'ombe mtoni, na katikati ya bustani mpya ya hifadhi ya barabara, madereva walikuwa wamelala kila mmoja na kofia yake usoni. Mmoja alikuwa amejifunika mche wa waridi.

Futi alimgusa bega aliyekuwa karibu. "Kaka. Kaka, amka. Hapa si mahali pa kulala."

"Dada yangu, najua," alisema dereva, akijifuta mdomo. "Sikuja kulala mimi. Nilikuwa naenda zangu vizuri tu. Nikafika hapa, nikamwona yule mama." Alinyoosha kidole juu bila kuangalia, kama mtu anayeogopa jua. "Nikapiga mwayo. Utingo akapiga mwayo. Dada, nakuapia, hata injini ilipiga mwayo."

Futi aliinua macho akamwona Shangazi. Alikuwa bado hajapata nafasi ya kulitazama lile bango kwa karibu. Mwayo ukampanda toka tumboni. Akaubana kwa meno ukatokea masikioni.

"Pima," alisema Baba Maua, akitazama pembeni.

Alipima. Sheria ilitaka bango likae mbali na kona kiasi cha kiwanja cha mpira, ili dereva awe amemaliza kushangaa kabla hajaanza kukata usukani. Hili halikuwa mbali na kona. Lilikuwa kwenye kona yenyewe, limekaa kama mtu aliyeweka kigoda mlangoni.

"Anaondoka," alisema Baba Maua, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mfupa. "Kaandike amri. Simjui ni nani huyo mama, lakini anaondoka."

Hapo ndipo Futi alipopaswa kusema, "Ni shangazi yangu, na nitaiandika." Alifungua kinywa. Akaliona lile shavu juu ya kile kiganja, kiganja kilichomchana nywele akiwa mdogo, na maneno mengine kabisa yakatoka.

"Mkuu, si tupande miti?"

"Miti?"

"Tukishusha bango, watalalamika. Lakini mti ni haki yetu. Tukipanda mivinje pale mbele, ikikua, basi, imekua. Nani atagombana na mvinje?"

Uso wa Baba Maua ulifunguka kama dirisha. Kupanda miti na kuepuka ugomvi kwa mpigo mmoja! "Ninayo mikubwa kwenye kitalu," alinong'ona. "Imekwisha kubalehe. Inangoja tu kuolewa."

Futi alirudi ofisini akijiambia kuwa amefanya huruma. Ilikuwa woga, umejitanda kanga ya huruma.

Mivinje ilipandwa mitatu, ikafuatiwa na mvua, na mvinje ukipata mvua huwa hausikii la mtu. Ulianza kufunika miguu ya kitanda. Ukafunika godoro. Ukampanda Shangazi kiwiko, ukamfikia kidevu.

"Kuna mti unanipanda," alisema Shangazi jioni moja wakiwa mezani.

Futi alimeza tonge bila kulitafuna.

"Nilikwenda leo kujiangalia. Nimebaki macho na pua. Kama mtu anayezama." Aligeuza bakuli la mchuzi ili nyama ielekee upande wa mpwa wake, kama alivyofanya siku zote. "Mwanangu, wewe si uko huko huko kwenye miti?"

"Niko, Shangazi."

"Basi waambie. Si kwamba nagombana na mtu. Waambie tu kuna mtu nyuma."

"Nitaulizia," alisema Futi, akashika kikombe cha maji akakishikilia usoni mpaka maji yakaisha, kisha akaendelea kukishikilia.

Hakuulizia. Angemwuliza nani? Alikuwa akipita kwenye kona ile akiangalia upande wa pili, na kila alipofika nyumbani alimkuta Shangazi mwenye furaha ya kawaida, cherehani inakimbia, pini zimebanwa midomoni, na ile furaha ndiyo iliyomchoma. Kisha, katikati ya hayo, jambo la ajabu likaanza kutokea. Mivinje ikaanza kupendeza.

Baba Maua aliipokea habari kwa macho yake. Aliingia ofisini siku hiyo akapita miche yote bila kuisalimia.

"Futi! Nani amemwajiri yule mama wa kona?"

"Mama gani?"

"Kibarua mpya! Yuko juu ya ngazi, amevaa fulana yetu ya reflekta, anapunguza mivinje. Binti, nina umri huu sijaona mkono kama ule. Mti wa kwanza ameukata duara. Wa pili ameutia kiuno. Wa tatu, nikwambie nini, ule mti una kola! Nilisimamisha gari nikamwambia, 'Mama, ongeza kidogo kushoto.' Unajua alinijibu nini?"

Futi aliacha kuandika. "Alisemaje?"

"'Nyamaza, nimeona.'" Baba Maua alifunga macho kwa raha. "Fundi wa kweli hapendi kusemeshwa. Ila sasa," uso ukajikunja kidogo, "ameiacha wazi sana katikati. Amefanya kama dirisha, na yule mlalaji anaonekana tena mzima. Kesho mchana nenda umwelekeze. Kwa upole! Usije ukamkatisha tamaa akatuacha."

Futi alifika nyumbani akaangalia nyuma ya mlango, kwenye msumari ambapo fulana yake ya kazi huning'inia. Palikuwa na msumari tu.

Kesho yake, jua likiwa utosini, alimkuta. Ngazi ya nyumbani, ile ya kubadilishia balbu, ilikuwa imeegemezwa kwenye mvinje wa katikati. Juu yake Shangazi, fulana ya reflekta juu ya gauni, mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mkononi, pini midomoni kwa mazoea tu. Chini yake askari wa barabarani alikuwa amesimamisha magari ya upande mmoja.

"Pisha fundi wa serikali!" alimfokea mwendesha pikipiki. "Huoni kazi ya taifa?"

Shangazi alirudi nyuma kidogo juu ya ngazi, akaufinyia mti jicho moja kama anavyomkagua mteja aliyevaa suruali mpya, akakata tawi moja dogo.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Futi kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu. Shika ngazi."

Futi akashika ngazi.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Najitoa. Nilikwambia uulizie, ukapata kazi nyingi. Sikukulaumu. Nikasema nisikusumbue, nitajitoa mwenyewe. Na sijakata mti wa watu ovyo, nimeupunguza. Umeona kola?"

"Nimeiona. Ni nzuri." Futi aliikaza mikono kwenye ngazi. "Shangazi, hii miti haikuota yenyewe. Hili bango liko kwenye kona. Sheria hairuhusu. Mimi ndiye niliyepima, na mimi ndiye niliyepaswa kulishusha. Nikashindwa kukwambia. Nikakupandia mti."

Shangazi alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye fulana. Tangu utotoni Futi alijua maana yake. Shangazi akitoa pini mdomoni, kuna maneno yanayohitaji nafasi.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulinipandia mti. Usoni."

"Ulianza miguuni, Shangazi..."

"Usinipimie!" Mkasi ulifungika kwa mlio. "Miaka yote hii, mama sogea, mama unaziba, mama hebu tupishe. Nimesogea mpaka nimetoka nje ya picha. Siku moja tu nimepata mahali nimelala peke yangu, kwa amani, simzibi mtu, na mwanangu mwenyewe ananiletea msitu!"

"Fundi, kuna tatizo?" aliuliza askari.

"Hapana, baba. Naongea na jirani wa mti."

Futi alikuwa analia sasa, lakini ngazi hakuiachia. "Ungekuwa uso wa mtu mwingine, ningelishusha siku ile ile."

"Mbona basi hukulishusha?"

"Kwa sababu ni wewe."

"Na kwa sababu ni mimi, ukanidanganya. Wengine wanapewa sheria, mimi napewa majani."

Kabla Futi hajafungua kinywa, lori la kuku likaanza kuingia kwenye kona.

Liliingia polepole, kwa adabu. Halikupiga honi, halikuyumba. Pale barabara ilipokata kushoto, lenyewe likaendelea tu mbele, kama mgeni aliyepotea njia ya choo akaona aibu kuuliza. Likapanda ukingo. Likapita katikati ya maua ya Baba Maua. Likaja kuweka pua yake kwenye mvinje wa katikati, kwa upole kabisa, tii, likatulia.

Ngazi ikacheza. Shangazi akaukumbatia mti kwa mikono miwili. Futi akaikumbatia ngazi. Matenga ya nyuma yakafunguka, na kuku wakashuka mmoja mmoja bila kusukumana, wakaanza kukagua bustani.

Futi alimgeukia askari ili akimbie kusaidia. Askari alikuwa katikati ya mwayo, mkono hewani, hawezi kuufunga wala kuumaliza.

"Niteremshe," alisema Shangazi.

Alishuka, akakusanya gauni, akapita katikati ya kuku, akafungua mlango wa lori. Dereva alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, anakoroma kwa sauti ya mtu asiyedaiwa na mtu. Shangazi alimpiga kofi dogo kwa mkono wenye kastabini ya kushonea kidoleni.

"Wewe! Umeumia?"

Dereva alifumbua macho. Akamwangalia Shangazi. Akaangalia bango kupitia kioo. Akamwangalia tena Shangazi, mdomo wazi.

"Mama," alisema, "si ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala! Nimeamshwa na wewe! Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Hata nimepumzika." Kisha alipoona kuku kwenye maua, akashika kichwa. "Yarabi toba. Nisamehe, mama. Si uzembe. Mimi naendesha usiku na mchana, sisinzii. Ila nikifika hapa, nakuona umelala vile, najiona kama nimefika nyumbani. Kama nyumbani mama amelala, ujue mlango umefungwa, watoto wamekula, hakuna neno. Basi moyo unalegea. Mguu nao unalegea."

Shangazi alibaki ameshika mlango wa lori. Nyuma yake magari yaliendelea kupita kwenye kona, na sasa, kwa mara ya kwanza, hakuwa anaangalia bango. Alikuwa anaangalia nyuso zilizokuwa zinaliangalia bango. Dereva wa teksi akapiga mwayo. Mwenye pikipiki akapiga mwayo ndani ya kofia, kioo kikatanda ukungu. Likapita basi dogo la shule, watoto wamejazana madirishani, wanapunga mikono kwa kuku, na sare walizovaa Shangazi alizijua kola kwa kola. Dereva wao alikuwa anajifuta machozi ya usingizi kwa ngumi.

Basi lilikata kona likaenda salama. Shangazi alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Mwanangu," alisema. "Toa futi yako. Pima tena."

"Shangazi, nilishapima."

"Ulinipimia mgongoni. Sasa nipimie mbele yangu."

Futi alipima. Shangazi alishika ncha moja ya futi kamba, kama alivyozoea kuishika kwenye viuno vya watu, akaifuata mpaka mwisho, akainama kusoma mwenyewe.

"Liko ndani ya kona," alisema Futi kwa sauti ndogo.

"Naona." Shangazi alinyoosha mgongo. Kidevu kilitetemeka mara moja, akakikomesha. "Basi nishusheni. Ila mimi sishushwi na mti. Nishushe kwa sheria, kama mtu."

Futi alimkumbatia pale pale, pini zote zikamchoma kifuani, wala hakusogea.

Baba Maua alifika mbio na gari la ngazi na vibarua wawili, maana habari za kuku kwenye maua husafiri haraka. Alikuwa anafukuza jogoo kwenye waridi alipokutana ana kwa ana na kibarua wake kipenzi. Akamtazama. Akatazama juu. Akavua kofia.

"Huyu... ndiye huyu?"

"Ni shangazi yangu, mkuu," alisema Futi. "Nilipaswa kukwambia tangu siku ya kwanza. Amri ya kushusha naiandika sasa hivi."

Baba Maua alikuwa na mengi ya kusema, ilionekana kwenye mashavu. Lakini alikuwa mtu wa haki. "Mama," alisema mwishowe, "umenilazia majani, umenipambia miti. Sijui nikushtaki au nikuajiri."

"Uliza kwanza kama nina nafasi," alisema Shangazi. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Hakuna mahali popote kwenye hii barabara yenu ambapo kulala kunaruhusiwa?"

Futi alifungua kinywa kusema hapana, kikabaki wazi. Pale nje ya mji palikuwa na kituo cha malori. Madereva walitakiwa kisheria wasimame pale walale, na kila siku idara ililalamika kwamba hawalali, wanacheza karata na kunywa kahawa mpaka wanarudi barabarani macho mekundu. Hakuna kona. Na bango linaruhusiwa.

Muuza magodoro alipopigiwa simu hakufurahi. "Kituo cha malori? Wale wanalala kwenye viti vya gari! Mimi nauzia watu wenye vyumba!"

Shangazi akaomba simu. "Mwanangu, hujambo? Ni mimi, yule uliyenipiga picha. Sikiliza. Siku ile nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ningelala hata juu ya magunia ya mkaa. Nikiulizwa, niseme hivyo, au niseme ni godoro?"

Simu ikakohoa. "Kituo cha malori ni pazuri," alisema muuza magodoro. "Kuna hewa."

Kumshusha Shangazi haikuwa kazi rahisi, kwa sababu alisimamia mwenyewe. Vibarua walifungua kamba za turubai, na lile shavu kubwa likaanza kuteremka taratibu.

"Nyie! Mnanikunja pua!"

"Mama, lazima tukunje, turubai ni kubwa kuliko gari."

"Kunjeni maandishi. Kunjeni godoro. Uso haukunjwi."

"Basi tulizungushe kama mkeka," alisema Futi.

"Nimetoka kwenye msitu, sasa unaniingiza kwenye bomba?"

Mwishowe lilitandazwa juu ya gari la ngazi likiwa limetazama mbinguni, kingo zinaning'inia pande zote, na kwa kuwa upepo ulilipenda, ilibidi watu wakalie pembe. Baba Maua alipewa pembe ya mto, akakaa kwa heshima, miguu pamoja. Askari wa barabarani alikalia upande wa miguuni, akisema anasindikiza mali ya taifa. Dereva wa kuku, aliyekuwa amekwisha kurudisha kuku wake karibu wote, aliomba naye ashike pembe, kwa kuwa, alisema, si vizuri mtu kumwacha mama yake hivi hivi. Ya nne ilishikwa na Futi.

Shangazi mwenyewe alikaa mbele, pembeni mwa dereva, fulana ya reflekta bado mwilini. Kabla hajafunga mlango alitoa kichwa dirishani akamwita mpwa wake.

"Siku nyingine ukiwa na neno nami, niambie. Hata likiwa baya. Nitapiga kelele, nitatoa pini, nitanyamaza, tutakula. Lakini usinipandie kitu."

"Sikupandii, Shangazi."

"Na kaa vizuri hapo, usije ukaanguka."

Gari likaondoka. Upepo ukaingia chini ya turubai, ukaliinua katikati, ukaliachia, ukaliinua, ukaliachia, na Futi akaona Shangazi mkubwa akivuta pumzi na kuzishusha, kifua kizima, kitambaa kikicheza kidogo kwenye paji la uso. Alitaka kucheka, ikatoka nusu kicheko nusu kitu kingine. Nyuma yao magari yalianza kujipanga. Hakuna aliyepita. Hakuna aliyepiga honi. Yalifuata kwa mwendo wa maharusi, na ndani ya kila kioo midomo ilikuwa inafunguka na kufungwa, inafunguka na kufungwa, kama samaki.

Kule mbele, dereva wa gari la ngazi alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Mara moja tu. Mabega yake yakalegea.

Shangazi akamgonga goti kwa kastabini.

"Angalia mbele, baba," alisema. "Huko nyuma nimelala."